Kwa Awuor, Anayekwenda Kusimamia Mlango wa Feri

Awuor mama,

Mama yako yuko jikoni anakukaangia omena za njiani, na anakutajia kwa sauti kila kitu ambacho hupaswi kusahau: neti ya mbu, dawa ya tumbo, sweta, viatu vya kanisani. Ninawasikia kutoka hapa mezani. Hayo nimemwachia yeye. Mimi nimefunga mlango wa chumba na kusema natafuta miwani, kumbe ninakuandikia. Nimeamua kuandika kwa sababu nikikueleza kwa mdomo nitaanza kubisha, nikibisha nitashinda, na leo sitaki kushinda.

Jumanne ulipoingia na habari za kazi, hata viatu hukuvua. Ulisema, "Buda, wamenipeleka ziwani. Feri ya kwetu kabisa. Mimi ndio nitakuwa napanga watu wakipanda na wakishuka." Nikasema sawa, nikatoka, nikaenda sokoni nikasimama mbele ya nyanya ambazo sikuwa nanunua mpaka mwenye nyanya akaniuliza kama naumwa. Baadaye nilisikia ukimwambia mama yako kwamba mzee amekasirika, alitaka ukae ofisini kwenye feni. Sikukasirika. Niliogopa, tena niliona haya, na haya ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Kazi uliyopewa ndiyo ile ile niliyomharibia mtu mwingine wewe ukiwa darasa la kwanza.

Unajua kwamba shangazi yako Risper alifia gatini, siku tuliyompeleka baba yako mkubwa Okoth nyumbani kisiwani kuzikwa. Hadithi uliyokua nayo ni kwamba dereva hakuijua ile njia, na kwamba watu wa feri hawakutuonya. La dereva nalo nalifuta nusu. La watu wa feri ni uongo mtupu, na mwenye kuutunga ni mimi. Kesho kutwa utakuwa umevaa kizibao cha reflekta na kusimama pale pale. Sitaki uisikie kwa mtu wa kisiwani kabla hujaisikia kwangu.

Okoth alikuwa fundi wa makochi huko Huruma, Nairobi, na alipofariki matanga yalikuwa hapa Jericho, kwa sababu kwake watu wasingetoshea. Nikachaguliwa mwenyekiti. Mimi mtu wa idara ya maji, wa kuvaa gambuti na kuingia mashimoni, wiki nzima naitwa mwenyekiti. Nikisema chai iletwe inaletwa. Nikisema wimbo ukome unakoma. Nilikuwa na uchungu wa kufiwa, ndiyo, lakini chini ya uchungu kulikuwa na mtu aliyeanza kunogewa. Nakuambia hivyo kwa sababu utakutana na wenyeviti wengi pale gatini, na ni vizuri ujue kilicho ndani yao.

Tulikodi basi. Tukang'oa viti vya nyuma, tukaweka sanduku pale, na safari nzima tukawa tunapokezana kuketi naye. Unajua mambo ya kwetu. Tangu anapotoka mochari mpaka anapoingia kaburini, mtu wetu haachwi peke yake. Tena huwa tunamwambia alikofika, ili asipotee. Okoth, tumepita Nakuru. Okoth, tumepita Kericho. Risper ndiye aliyekuwa akimwambia zaidi, maana alikuwa kitinda mimba na Okoth ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Alimwambia mpaka sauti ikamkauka.

Tulifika gatini asubuhi, mvua imetoka kunyesha. Feri ilikuwa imelaza mlango wake, lile bamba la chuma ambalo magari hupanda. Mfanyakazi mmoja alikuja dirishani. Anaitwa Ouma, wakati huo alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, reflekta imempwaya. Aliniamkia vizuri, akanipa pole ya msiba, halafu akasema abiria wote washuke watembee kwa miguu, basi lipande na dereva peke yake. Alisema bamba lina utelezi. Mama, maneno hayo aliyasema. Aliyasema mara mbili, mara ya pili kwa Kijaluo, kama mtu anayeogopa kwamba hajaeleweka.

Nilimwambia kwetu maiti haachwi. Akasema anajua, na yeye ni wa huko huko, ni dakika chache tu. Hapo nikashuka, nikasimama mbele yake mbele ya watu wote, nikamfokea. Nilimuuliza baba yake ni nani na kama ndivyo alivyomfundisha. Nilimuuliza kama yeye atakuja kueleza ukoo kwa nini ndugu yangu alivushwa kama gunia la mahindi. Nyuma yetu magari yalikuwa yamejipanga na yanapiga honi. Ouma aliangalia chini. Nikalegeza kidogo, nikasema basi, vijana na wanaume washuke, lakini wanawake watabaki na maiti. Nikajiona nimekuwa na busara, nimekutana naye nusu ya njia.

Ndani ya basi Risper alikuwa tayari amesimama. Hili sijapata kumwambia mtu yeyote, hata mama yako, ingawa nadhani aliona. Alikuwa amesimama, mkoba begani, mkono umeshika kiti cha mbele. Alikuwa amemsikia Ouma na alikuwa anashuka. Nikachungulia mlangoni nikamwambia, "Risper, keti. Kaa na ndugu yako."

Akaketi.

Na wewe pia nilikuwa nimekuambia ukae. Una jina la mama yangu, na nilitaka jina la mama liwe karibu na mwanawe anapovuka. Unachokumbuka wewe ni kwamba ulipelekwa kukojoa nyuma ya kibanda cha samaki, ukasikia watu wanapiga kelele. Hukuwa umebanwa na mkojo. Mama yako ndiye aliyesema umebanwa. Alikushika mkono, akanipita mlangoni bila kuniangalia, akasema mtoto anataka kukojoa, na mimi mwenyekiti nisingeweza kupinga mkojo. Amekaa na mimi miaka yote hii na hajawahi kusema kwamba alikutoa kwa makusudi. Nilimuuliza mara moja tu. Akanijibu kwamba mtoto alikuwa amebanwa.

Basi lilipanda mpaka nusu. Magurudumu ya mbele yalikuwa juu ya bamba, ya nyuma yakaanza kuzunguka bure kwenye ule utelezi. Dereva akaongeza moto. Basi likateleza upande, taratibu kabisa, ungedhani kuna muda wa kulizuia, kisha nyuma yake ikatoka pembeni mwa bamba na kuzama majini. Sanduku likarudi nyuma lote na uzito wake. Mjane wa Okoth alitolewa dirishani, na mama mwingine wa kanisani pia, amevunjika mkono. Risper alikuwa ameketi kule mwisho, mahali nilipomwambia. Sanduku la ndugu yake lilimbana kwenye mlango wa nyuma, na maji yakamkuta pale. Ouma aliingia majini kabla yangu. Yeye ndiye aliyemtoa, lakini alikuwa amechelewa.

Tulizika watu wawili.

Sasa ngoja nikuambie nilichofanya baadaye, maana hilo la kwanza ningeweza kusema ni ujinga, ila hili la pili sina jina zuri la kulipa. Wakubwa wa feri walipokuja kuandika maelezo, waliniuliza mimi kwanza kwa sababu nilikuwa mwenyekiti. Nilisema hatukuambiwa tushuke. Nilisema mfanyakazi alitupungia mkono tupande. Watu wa familia walikuwa wamesimama pale na walisikia, na hakuna aliyenipinga, kwa sababu kumpinga aliyefiwa na wawili ni vigumu. Ouma akafukuzwa kazi. Mimi nikarudi Nairobi, Jumatatu nikavaa gambuti zangu nikaenda kazini kama kawaida.

Na hapa ndipo uone jinsi mtu anavyoweza kujua jambo na asilijue. Kazi yangu ilikuwa gani? Kufunga maji. Bomba likipasuka mtaani, mimi ndiye niliyekuwa nikifunga valvu ili mafundi waingie. Nimefunga maji Jericho, nimefunga Makadara, nimefunga mitaa ambayo wanawake walinitolea masufuria. Kuna mheshimiwa mmoja alishuka garini akaniuliza kama namjua yeye ni nani. Nikamwambia namjua vizuri, na maji yatarudi saa kumi. Sikuwahi kufungua valvu mtu akiwa shimoni kwa sababu ya kelele za mtu aliye juu, hata siku moja. Nilikuwa najivunia hilo, nikija nyumbani nawasimulia mnacheka. Kisha nikaenda nikamkuta mwenzangu anafanya kazi ile ile, nikawa mimi ndiye mheshimiwa.

Mwaka ule ulipoanza mafunzo yako ya ubaharia, nilimwambia mama yako naenda nyumbani kuangalia boma. Nilikwenda kumtafuta Ouma. Nilimpata soko la ng'ambo, anatengeneza baiskeli. Nywele zimemwisha. Alinitambua kabla sijasema jina, akaendelea kukaza spoku. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Nairobi, yakapotea yote, nikamwambia tu kwamba nilisema uongo na nimekuja kusema hivyo. Alimaliza spoku ile, akashika nyingine. Halafu akasema, "Mzee, mimi pia nina kosa langu moja. Nilikuogopa. Mlango ulikuwa wangu, nikakuachia kwa sababu umenifokea kama baba yangu."

Nilimwambia hilo si kosa lake. Akaniangalia kwa mara ya kwanza, akaniambia nisimchukulie na hilo, ni lake, amekaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokaa na langu. Hakuniambia amenisamehe na sikumwuliza. Nilikwenda ofisi ya feri nikaandika maelezo mapya, jina na sahihi, nikaeleza alituambia nini na nilimjibu nini. Walinipa kiti, wakapokea karatasi. Juzi, ulipokuwa kwa rafiki yako Njiru, niliwaita watoto wa Risper hapa nyumbani nikawaambia pia. Mkubwa alitoka bila kuaga. Mdogo alibaki, akaosha vikombe vyote vya chai, hata visivyo vichafu, kisha naye akaondoka. Kama hawatakuaga kesho, usiwalaumu, sababu ni mimi.

Kwa hiyo mimi siwezi kukupa mawaidha kana kwamba nimesimama mahali pa juu. Ninachoweza kukupa ni habari za upande wa pili, upande wa yule anayekufokea. Nimekuwa mtu huyo, najua anavyofikiri.

Hatakuja na sura ya mtu mbaya. Atakuja amefiwa, au amevaa suti ya harusi, au amebeba mgonjwa, na atakuwa na sababu ambayo ungetaka kuikubali. Atakuita mwanangu. Ukisimama imara ataacha kukuita mwanangu, na ataanza kukuuliza kwenu ni wapi. Wewe ni msichana, una miaka ishirini na minne, na tumekulea upishe wakubwa njia. Nilikuchapa ukiwa na miaka tisa kwa kumjibu mzee Shikuku wa nyumba ya nne, na mzee Shikuku ndiye aliyekuwa na makosa. Nataka kulifuta fundisho hilo. Heshima mpe kila mtu, mwamkie, mpe pole, mwite baba. Lakini mlango usimpe. Mlango uliopewa uusimamie si wa adabu, ni wa kazi, na nyuma ya yule anayefoka huwa kuna Risper ambaye ameshasimama na mkoba begani anasubiri tu mtu mmoja awe na nguvu kuliko kaka yake.

Mwangalie huyo. Ukishindwa na mwenyekiti, zungumza na huyo. Mwambie, shangazi, njoo, shuka. Kama Ouma angenipita mimi na kumwita Risper kwa jina lolote lile, Risper angeshuka. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko siku nilizobaki nazo.

Usibishane nao kuhusu mila. Utashindwa, na pia mila si adui yako. Sikumdanganya Ouma niliposema kwetu maiti haachwi, nilimdanganya niliposema kwamba kuketi naye ndiyo njia pekee. Kwenda makaburini si tunamfuata kwa miguu? Basi wamfuate na hapo. Gari litangulie na dereva wake, lifungwe breki, liwekewe kabari kwenye magurudumu, kisha wao wapande nyuma yake wakiimba kama wanataka, na wakifika wasimame wamzunguke. Ng'ambo ni vivyo hivyo. Wala wasianze kusongamana mbele kabla bamba halijatua na kamba hazijafungwa. Watu wanaokwenda msibani ndio hukimbilia mbele, wakidhani wakichelewa watamkosa marehemu, na yeye ndiye pekee asiye na haraka.

Wa Nairobi ndio watakusumbua zaidi, hasa sisi wa mitaa hii. Hatuna subira ya kitu kusimama. Wewe mwenyewe ukiwa kidato cha pili ulikuwa unashuka basi likiwa bado linatembea, ukikimbia hatua tatu na begi la vitabu, na mimi nikikuona nilikuwa namnong'oneza mama yako kwamba huyu ni damu yangu. Nilikuwa nakusifu kwa upumbavu. Feri haina lami ya kukimbilia hatua tatu. Ukiwaona wale vijana wamesimama kwenye ncha, mguu mmoja hewani, utawajua, ni wa kwetu. Warudishe nyuma. Watakataa, wakuambie, "Zi, siz, tunajua hii game." Warudishe tu.

Na kuna siku wakubwa wako wenyewe watakuambia acha wapande, foleni ni ndefu. Sijui utafanya nini siku hiyo, mama. Ninajua ningetaka ufanye nini. Ningetaka ufukuzwe kazi kwa kuwashusha watu kuliko ubaki nayo kwa kuwaacha. Ukifukuzwa, rudi. Chumba chako hatumpangishi mtu, na sitakuuliza swali hata moja. Nitakuja stendi kukuchukua nimevaa suti.

Nimejaribu kwa siku nne kujiuliza kama nikuzuie. Ningekuambia presha yangu imepanda ungebaki, nakujua. Lakini kila nikifika hapo nauona ule mlango hauna mtu, au una mtu mwingine anayeangalia chini. Afadhali uwe wewe. Nimekuona ukimkatalia mwenye nyumba wa rafiki yako. Nimekuona ukinikatalia mimi, na nilichukia, na nilikuwa nimekosea. Una kitu ambacho mimi nilikuwa nacho kwenye mashimo ya maji tu, wewe unacho kila mahali. Naogopa, na ninataka uende. Vyote viwili ni kweli na sitakuficha kimoja.

Mama yako ameacha kutaja vitu, nadhani begi limefungwa. Nina moja la mwisho, kisha nitoke niseme miwani imeonekana.

Siku moja nitaletwa pale gatini na mimi. Binamu zako wataleta basi kutoka Nairobi, mmoja wao atakuwa mwenyekiti, na atakuwa mkali, kwa sababu watakuwa wamechoka na wamelia njia nzima. Watataka kuketi nami. Wewe utakuwa umefiwa kama wao, na watakuambia kwamba leo si siku ya kazi, leo ni baba yako. Washushe wote, Awuor. Mama yako umshike mkono awe wa kwanza. Halafu lifunge hilo gari na uniache ndani peke yangu mpaka ng'ambo, na mtu akiuliza nani ameruhusu, mwonyeshe sahihi hii.

Baba yako,
Jericho